Utando wa Kopo la Maruni

Kopo la rangi lilikuwa limesimama wima bandani, na jambo hilo lilimkera Mabaki kabla halijamtisha. Rangi zote zilizosalia baada ya kupaka magari alizihifadhi makopo yakiwa kichwa chini, ili hewa isipenye kwenye kifuniko. Kwa miaka kumi na miwili hakuna kopo lililowahi kujigeuza. Akamlaumu mkewe. Mkewe akajibu kwamba kwa jinsi banda lilivyonuka, hata panya walishahama, seuze yeye.

Hakuwa na muda wa kugombana. Alikuwa amelikwaruza gari la mama mkwe akilirudisha nyuma, na mama huyo, ambaye tangu harusi alimwita "fundi" huku amebetua mdomo, angerudi safari Ijumaa. Rangi ya gari hilo, maruni ya wekundu uliokolea, haikuuzwa tena popote. Iliyokuwepo ni hiyo nusu kopo.

Alipofungua, akakuta utando mnene juu ya rangi, kama wa maziwa yaliyopoa. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na sharti moja: utando hautobolewi, hukatwa pembeni ukatolewa mzima. Mabaki aliamini ni kwa kuogopa madonge tu. Haraka haraka haina baraka, lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Akautoboa kwa bisibisi. Utando ukashusha pumzi ndefu yenye joto, na banda likajaa harufu ya udi.

Alijiambia ni gesi. Akatia thina ya kuilainisha rangi, akakoroga, akachuja kwa soksi ndefu ya mkewe, akaupaka mlango wa gari uliokwaruzika.

Haukukauka. Saa sita mchana, kwenye jua kali, ulikuwa bado unanata, na katikati pana alama ya kiganja chenye vidole virefu. Akamshuku mkewe tena. Mkewe akamwonyesha vidole vyake, vifupi na visafi, akaenda zake. Mabaki akafuta, akapiga msasa, akapaka upya. Kiganja kikarudi. Alhamisi alipaka mara ya tatu, akakaa mbele ya mlango bila kupepesa, akakiona kikijichora taratibu kutokea ndani, upande wa bati, kidole baada ya kidole, huku udi ukimkaba koo na kitu kikikwaruza ndani ya kopo ambalo sasa lilibaki na rangi ya kijiko kimoja, lakini juu ya hofu yote ikampanda hasira ya mtu aliyefanya kazi moja mara tatu.

"Unataka nini?" akanong'ona.

"Umenitobolea paa langu," kopo likajibu kwa upole. "Nipe jingine, nami nitaukausha mlango."

Alikuwa amechoka mno kufikiri. "Chukua lolote. Mradi ukauke."

Ukakauka palepale.

Ijumaa mama mkwe alilizunguka gari mara mbili akitafuta kasoro, akaikosa.

"Leo nimekubali, mwanangu," akasema. "Wewe ni fundi kweli."

Maneno hayo Mabaki aliyasubiri miaka yote, na hakuweza kuyajibu. Tangu asubuhi midomo yake ilikuwa imegandana, haifunguki. Mama mkwe akamsogelea, akaona kitu chembamba kama utando, cha rangi ya maruni, kwenye pembe ya mdomo wake, akadhani ni rangi iliyomrukia, akakigusa kwa ukucha ili akibandue.

"Usitoboe, mama," ikasema sauti ya upole kutoka ndani ya Mabaki.

Mkewe, aliyesimama kando, aliisikia pia. Midomo ya mumewe haikuwa imefunguka.