Mguu wa Kushoto wa Mzee Mhina

Kisa hiki alikisimulia kwanza Bernadina, mke wa Dominiko, huko Makuyuni, Julai 1999, siku ya tatu baada ya Swaumu kuzikwa. Alikuwa anapukuchua mahindi. Alikisimulia mara moja, hakukirudia.

Mzee Mhina alipiga kinanda cha umeme cha kanisa, Old Korogwe, kwa miaka kumi na tisa. Kinanda kile kilikuwa na safu mbili za vibonye na, chini, mbao za kukanyagia besi. Kabla ya kupiga, mzee aliosha miguu bombani kwa sabuni ya mche, akaketi peku. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, nayo besi yake ilifika kama mtu anayechechemea. Kwaya ilizoea kuvuta pumzi hapo.

Miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango, duka la Akber likaleta kibodi zinazojipigia. Unashika sauti tatu kwa mkono wa kushoto, yenyewe inaleta ngoma, gitaa na besi. Dominiko, mwanafunzi wa mzee, akaitamani.

"Babu, hii haihitaji miguu."

"Na wewe inakuhitaji wa nini?"

Kwaya ikacheka. Dominiko hakucheka. Wiki ya Pasaka ya 1993 alifungua ubao wa nyuma wa kinanda, akachomoa waya wa besi za kushoto. Alitaka kamati ya kanisa ione kinanda kimechakaa, inunue kibodi.

Kamati haikuona kinanda. Iliona mzee. Mhina alikanyaga, kimya. Akakanyaga tena, kimya. Akaamini mguu wake umefungwa kwa uchawi.

Mganga alimchanja chale mguuni, akamtaja jirani wa mzee, Swaumu, kuwa ndiye aliyeufunga. Chale zikaoza. Juni wakamzika mzee. Swaumu akachomewa nyumba, akakimbilia Handeni.

Dominiko alijua. Akanyamaza.

Kibodi ililetwa baada ya arobaini. Jumamosi ya wiki hiyo, jua likizama, Dominiko alikwenda kanisani peke yake kujaribu nyimbo za kesho. Akachagua mdundo wa taratibu, akashika sauti tatu.

Ngoma ikaingia sawasawa. Gitaa likaingia sawasawa. Besi...

Besi ilichelewa.

Akabadili mdundo. Besi ikachechemea. Mashine haichelewi, ndiyo sifa waliyoinunulia. Akabonyeza kitufe cha kumalizia. Ngoma ikakoma, gitaa likakoma. Besi ikaendelea. Akachomoa waya ukutani.

Tu... tuu. Tu... tuu.

Sasa ilitoka stoo, kinanda cha zamani kilipofunikwa turubai.

Akafungua mlango. Harufu ya sabuni ya mche ikampiga usoni. Turubai lilikuwa sakafuni. Mbao za kukanyagia zilikuwa zimelowa maji, na ule wa mwisho kushoto ulikuwa umeshuka, hauinuki.

"Shikamoo, babu," akanong'ona.

Ubao haukuinuka.

"Kesho nitasema, mbele ya watu. Nitasema Swaumu hakufanya kitu."

Ubao ukainuka, taratibu.

Alipofika nyumbani alimweleza Bernadina yote.

"Basi waambie," mkewe akasema.

"Nikisema, nyumba itakayochomwa ni hii."

Kesho yake alisimama mbele ya waumini, akataja namba ya wimbo, akaketi.

Kibodi akaipeleka kwa Rahul, fundi redio, ambaye aliifungua na kuifunga.

"Haina ubovu, bwana. Ina mahali pa kuhifadhi mdundo. Mtu akiupiga, inaukumbuka."

"Mtu gani?"

"Ufunguo wa kanisa anao nani?"

Alikuwa nao Dominiko mwenyewe. Mzee Mhina hakuwahi kuiona kibodi ile.

Miaka sita Swaumu aliishi Handeni, akihifadhiwa uani kwa watu, jina la mchawi likimfuata hadi kisimani. Alipokufa, katika watu wa kanisa hakwenda mtu kumzika, isipokuwa Bernadina.

Bernadina alifariki mwaka 2011. Akber naye hayupo. Rahul alihama, hatuna habari zake.

Dominiko yu hai. Hapigi chombo chochote. Jumamosi jioni huosha miguu kwa sabuni ya mche, akaketi peku kitandani. Mguu wake wa kushoto, ambao haujapata kuugua, hukanyaga sakafu. Mwenyewe anasema si yeye anayeukanyagisha.

Unachelewa kidogo.