Linatafuta Rika Lake

Tulifika kwa Bibi Niemi kuangalia gari la kununua, jua likizama nyuma ya misonobari. Mimi nilikuwa nikiendesha pikapu yangu, na mdogo wangu Travis alikuwa pembeni akitikisa magoti kama mtoto anayesubiri keki. Kiangazi chote alikuwa akisafisha banda la gari la nyumbani kwake. Alilifagia, akapaka sakafu rangi, akafunga taa mpya, na gari lenyewe hana. Ndivyo alivyo. Lakini ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, kwa hiyo wa kumsema ni mimi tu.

"Matoleo mawili ya gari lile lile, dada," alisema. "La mwaka themanini na sita na la themanini na saba. Sijalala nikiwaza nichukue lipi."

"Mke ulimchagua kwa dakika tano."

"Ndiyo maana safari hii nawaza."

Huku kwetu kaskazini mwa Michigan, gari la michezo huuzwa kabla theluji haijaanguka, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma. Na mnunuzi mwenye akili humwomba muuzaji asiwashe injini kabla hajafika. Injini ikishapata moto huficha maradhi yake. Travis alikuwa amempigia bibi wa watu simu mara mbili kumkumbusha hilo.

Bibi Niemi alitufungulia ghala. Alikuwa mwembamba, skafu kichwani, mikono ikinukia iliki ya mkate aliokuwa akioka. Ndani kulinuka naftalini ya kufukuzia panya. Magari mawili mekundu yalikuwa yamesimama ubavu kwa ubavu, na betri zao zote mbili zilikuwa juu ya meza, mbali nayo.

Travis akaweka kiganja juu ya boneti ya lile la themanini na sita.

"Baridi. Safi kabisa."

Juu ya boneti ya lile la themanini na saba alikuwa amelala paka wa kijivu. Travis akamsukuma, akagusa.

"Hili lina joto kidogo."

"Si ni huyo paka aliyelilalia," nikasema.

Akacheka. Nami nikacheka. Bibi hakucheka.

"Umezaliwa mwaka gani, mwanangu?"

"Themanini na sita, mwezi wa kumi. Ndiyo maana roho yangu iko kwa hili." Akalipiga kofi la kirafiki. "Rika langu hili!"

Bibi akamdaka mkono.

"Usilitaje neno hilo humu."

Akasogea karibu yetu, akaanza kunong'ona. Mwanawe Toivo naye alizaliwa mwaka huo. Ndiye aliyeyanunua yote mawili. Jioni moja ya baridi kali, bibi alisikia injini ikinguruma ghalani. Betri zilikuwa jikoni kwake, chini ya meza, anaziona kwa macho yake...

"Nikaja na tochi. Nikamkuta chini, katikati ya magari. Milango ya yote mawili iko wazi. Daktari akasema moyo ulisimama."

"Na wewe wasemaje, bibi?" nikamuuliza.

"Wiki nzima alikuwa akiniambia, mama, kuna kitu mle ndani kinaniita. Kinasema kinatafuta rika lake." Akaelekeza kidevu kwenye la themanini na sita. "Lile simuuzii mtu wa mwaka huo. Chukua la themanini na saba, mwanangu. Hilo si la mwaka wako."

Travis akanitazama.

"Chukua hilo, twende zetu," nikamwambia.

Tukafunga betri. Likawaka kabla Travis hajamaliza kuzungusha ufunguo.

Yeye alitangulia, mimi nikamfuata na pikapu. Giza lilikuwa limeshaingia. Kupitia kioo chake cha nyuma nilikiona kichwa chake.

Halafu nikaona vichwa viwili.

Nikawasha taa kali. Kimoja.

Nikampigia honi mpaka akaingia kituo cha mafuta. Nilipomfikia alikuwa amefungua mlango lakini hajatoka. Uso ulikuwa unamtoka jasho.

"Dada, hita imezimwa. Usukani una joto... kama mkono wa mtu."

Taa ya kituo iliangukia fremu ya mlango, penye stika ya kiwandani. Travis hawezi kupita karibu na stika asiisome.

"Limetengenezwa mwezi wa kumi, themanini na..."

Akaweka kidole juu ya tarakimu ya mwisho: sita.

Huku kwetu kila anayenunua magari anajua. Toleo la mwaka mpya huanza kutoka kiwandani mwaka wa zamani, majani yanapopukutika. La themanini na saba lilizaliwa themanini na sita. Travis mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Bibi Niemi alihesabu jina la toleo, na sisi kwa woga tukahesabu naye. Kilichomo ndani kilihesabu siku ya kuzaliwa.

"Toka, Travis."

"Mkanda haufunguki."

"Toka!"

"Haufunguki, Darla! Unanibana!"

Nikakimbilia kisu cha kuchunia paa kwenye pikapu. Niliukata mkanda huku naye akihema kwa shida, nikamvuta kwa kola akaanguka juu yangu. Nililia palepale, mbele ya watu, wala sikuona haya.

Mimi ni wa themanini na mbili. Nililirudisha mwenyewe, Travis akinifuata na pikapu. Katikati ya msitu nikasikia harufu ya naftalini. Kisha mnong'ono, sikioni kabisa.

"Travis?"

"Hayupo," nikasema. Nikakanyaga mafuta.

Mnong'ono ukajibu.

"Yuko nyuma yetu."

Sikumbuki nilivyofika. Bibi Niemi alimulika stika kwa tochi, akaketi chini kwenye vumbi.

"Jioni nikimkumbuka Toivo hukaa ndani ya hili," alisema. "Kwa sababu lina joto."

Akachukua ufunguo. Kesho yake alipigilia mbao mlango wa ghala.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Travis hajanunua gari, na hazungumzii tena matoleo. Jana jioni nilimpelekea supu. Nilipita kwenye banda lake la gari, tupu kama siku zote, taa mpya zikiwaka.

Kulinuka naftalini.

Katikati ya sakafu, mahali ambapo pua ya gari ingekaa, alikuwa amelala paka wa kijivu. Kutoka kwa Bibi Niemi hadi hapo ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Nikainama, nikaweka kiganja kwenye saruji.

Ilikuwa na joto.

"Travis!" nikaita.

"Naam, dada!" alijibu kutoka ndani ya nyumba, na nikasikia nyayo zake zikija mbio. "Nimesikia, nakuja! Mbona unaita mara mbili?"

Nilikuwa nimeita mara moja.