Ukungu Usiokauka

Rafiki yangu Semboja, fundi umeme wa magari pale Masuguru, si mtu wa kuongeza chumvi. Mwaka ule wa kuhamia vijijini, dereva Isaka, aliyekuwa akihamisha wazee, alimletea gari lake la Pijo kutoka Handeni. Kioo cha nyuma kilikuwa hakikauki ukungu. Semboja aliunga uzi wa joto uliokatika kiooni, akakitia mvuke wa birika kwa ndani, akafunga gereji wote wawili wakiwa ndani, akauwasha uzi na kumulika tochi. Ukungu wote ukafutika, isipokuwa duara moja nyuma ya kiti cha abiria. Akaligusa. Hata hapo kioo kilikuwa cha moto.

"Nani hukaa hapa?"

Isaka alivua kofia, akainamia dirisha, akasema taratibu, "Shikamoo, bibi."

Lile duara la ukungu lilitanuka kidogo, kisha likanywea, kama mtu anayepumua.