Shuka Jeupe Ng'ambo ya Bonde

Duka la kuchapisha picha lilikuwa limejaa watu. Huyu anataka bango la mkutano, yule anafuata kadi za harusi, mwingine ameshika picha yake ya pasipoti akilalamika kwamba masikio yale si yake. Katikati ya kelele hizo akaingia kijana mrefu, buti zina tope, mgongoni begi jeusi kubwa. Alipogeuka kumpisha mama mjamzito, begi likakumba rundo la kadi, zikamwagika sakafuni.

"Haya, kobe ameingia na nyumba yake," alisema binti aliyekuwa nyuma ya kaunta. Alivaa aproni ya buluu, kilemba cha rangi ya chungwa na glavu nyeupe za pamba.

"Samahani, dada. Naziokota zote."

Aliziokota moja moja, kila kadi akiipuliza vumbi, majina ya maharusi yakitazama juu. Binti aliliona hilo, akaacha kumcheka.

"Ndani ya hilo gamba kuna nini?"

"Kamera."

"Kamera gani inabebwa kama gunia la saruji?"

Ilikuwa ya zile ambazo wapiga picha huziita midiamu fomati, nzito, yenye jicho pana kuliko kamera za kawaida. Kijana alipiga picha za milima na mabonde, na alitaka kuchapisha moja. Binti akaifungua kwenye kompyuta, akaanza kuikuza. Mlima ukawa mwamba. Mwamba ukawa na ufa. Kando ya ufa walisimama mbuzi watatu, mmoja ameinua mguu kujikuna sikio.

"Mungu wangu," alinong'ona. Foleni nzima ikasogea kutazama, hata yule wa masikio. "Uliwaona hawa ulipopiga?"

"Sikuwaona. Nimewaona sasa hivi, pamoja na wewe."

Tangu siku hiyo yeye akawa Kobe na binti akawa Glavu. Kijana alipokuwa milimani alimpigia simu.

"Glavu wangu, unasikia?"

"Nasikia upepo tu."

"Ndio huo nakutumia. Kilemba kisipeperuke."

"Rudi salama, wewe na mzigo wako. Na ule chakula, maana sauti yako ina njaa."

Siku moja alileta picha ya bonde kubwa, lililopigwa kutoka ukingo mmoja kutazama mteremko wa ng'ambo. "Ichape kubwa kuliko zote," alisema. "Ni ya mtu muhimu." Hakusema ni nani. Ilikuwa ya mama yake, na alitaka baadaye ampeleke Glavu huko, amshangaze.

Kazi ya Glavu kabla ya kuchapa ilikuwa kusafisha. Kamera ile huona kila kitu, hata vumbi lililoingia ndani yake yenyewe, nalo hutokea kwenye picha kama madoa madogo. Kwa siku tatu aliipitia picha kidole kwa kidole. Katikati ya mteremko akakuta doa jeupe, dogo kama kichwa cha kiberiti. Akalifuta, akalifunika kwa kichaka cha jirani. Alifanya kwa upendo, na kazi ilikuwa safi sana.

Mama yake Kobe aliishi kwenye mteremko ule, nyumba yake imefichwa na miti. Mwanawe alipokuwa ukingo wa pili na kamera, mama alianika shuka jeupe uani ili ajue kwamba ameonwa. Sasa macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema miezi michache tu, kisha giza. Picha ile ilikuwa ili aone kwao kwa mara ya mwisho.

Kobe alipompelekea picha, mama alishika kioo cha kukuzia, akapapasa mteremko, akafika mahali anapopajua. "Hapa. Mbona shuka langu silioni, mwanangu? Ndiyo nimeshapofuka?"

Kobe akainama kutazama. Akaona kichaka. Akatoka nje na simu.

"Umemfuta mama yangu!"

"Nani? Mimi sijafuta mtu!"

"Lile doa jeupe lilikuwa shuka lake. Kazi yako kufuta, hujui kuuliza?"

"Na wewe kazi yako kuficha, hujui kusema?"

Simu ikakatwa, wala haikujulikana nani aliikata kwanza. Siku tisa zilipita kimya. Picha halisi Kobe alikuwa nayo, lakini kila alipotaka kuipeleka duka jingine, miguu ilimwambia huko ni kumsaliti.

Siku ya kumi simu ya dukani ililia.

"Wewe ndiye Glavu?" ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Shuka langu nalifua kila wiki, doa moja halitoki. Wewe umelitoa shuka zima! Sabuni gani hiyo, mwanangu?"

Glavu alicheka huku machozi yakimtoka. "Nisamehe, mama. Nilidhani ni vumbi."

"Najua. Hata mimi nikifagia hutupa pete zangu. Njoo."

Akachapa picha upya, kutoka nakala ambayo hakuigusa, iliyobaki kwenye kompyuta yake, akapanda basi la asubuhi. Mama akaweka kioo cha kukuzia juu ya karatasi, akatafuta, akatulia. "Nipo," alisema taratibu. "Nipo pale." Alimshika Glavu mkono muda mrefu. "Wako yuko ng'ambo. Vuka daraja. Mwambie asirudi peke yake."

Glavu alipofika ukingoni alisimama akasahau kuhema. Milima mingi ilipita kwenye kompyuta yake, lakini hakujua kwamba ina harufu, wala kwamba inaweza kumnyamazisha mtu hivi. Vivuli vya mawingu vilitembea bondeni, vikubwa kuliko mji wake wote.

"Usisogee!" Kobe alisema bila kugeuka. Alikuwa ameweka kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, na kamera ilikuwa imefungua jicho kwa dakika tatu ili mawingu yaandike njia yake. "Inaona hata mtu akibadilisha mguu."

Wakasimama.

"Nilikukosea," alisema, macho bondeni. "Nilitaka nionekane bingwa mbele ya mama, nikakuacha gizani."

"Na mimi ningeuliza."

"Glavu."

"Si umesema tusisogee?"

"Mdomo si mguu. Utakubali nikuoe?"

Dakika moja ilikuwa imebaki. Chozi lilimshuka Glavu hadi kidevuni, likamtekenya, asiweze kulifuta. Bonde lote lilitulia pamoja naye. Akavumilia, akavumilia, kisha akaruka mawe mawili akamkumbatia, na miguu mitatu iliyobeba kamera ikatetemeka.

"Umeharibu picha!"

"Vibaya?"

"Kila mlima utatokea mara mbili."

"Iache hivyohivyo," alisema Glavu kifuani mwake. "Hata mlima umechoka kukaa peke yake."