Fremu Iliyonyooka

Saa 4:15 asubuhi, Jumamosi. Mchoro ulikuwa umelazwa juu ya benchi katika chumba cha nyuma cha duka la fremu. Ulikuwa mdogo, upana wa sinia la chai: mwanamke amekaa dirishani, uso kaupa ukuta. Ulikuwa nakala. Rangi yake ilikuwa imekauka siku tisa zilizopita.

Watu watatu waliuzunguka. Mwenye duka, ambaye wote walimwita Fundi, alikuwa anapangusa fremu kwa kitambaa chenye mafuta. Aliichonga mwenyewe, ikafanana na ile ya asili hadi kwenye tundu za wadudu.

"Narudia," alisema Hakimu. Hakuwa hakimu. Aliwahi kusimama mbele ya mahakimu mara tatu, akajifunza kwao kukohoa kabla ya kusema. "Saa kumi kamili chai inaanza. Wageni kumi na wawili, mimi na Fundi tukiwemo. Saa kumi na dakika ishirini mtunza nyumba anawapeleka bustanini kuona karakana ya marehemu. Wanakaa huko dakika kumi. Fundi, wewe hutoki. Tumbo limekuvuruga."

"Limeshaanza," alisema Fundi.

Dereva alicheka. Jina lake lilikuwa Breki, na waliompa walimaanisha kitu ambacho hajawahi kukitumia.

Hakimu hakucheka. "Binti anaegesha toroli la vyombo ushorobani, chini ya picha. Nakala iko rafu ya chini, imefunikwa. Unabadilisha. Ya kweli inakwenda jikoni, inaingia kwenye gunia la vitambaa vya meza. Breki anakuja kuchukua nguo za dobi. Saa kumi na nusu yuko nje ya geti."

Binti huyo alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja. Kwa miezi minne alikuwa akimimina chai katika nyumba ya yule mchoraji, ambayo tangu mwenyewe afariki ilifunguliwa kwa wageni wa kulipia. Siku moja, wakila, alimwambia kaka yake kwamba ushoroba mzima hauna kamera. Alisema kama mzaha. Kaka ndiye aliyelibeba neno hilo hadi kwa Hakimu. Tangu hapo halali vizuri.

"Na dada yangu?" aliuliza.

"Nakala itakaa pale miezi kabla mtu hajashtuka. Atakuwa ameshaacha kazi kwa heshima zote, na barua ya shukrani mkononi."

"Bastola?"

"Kwenye chai? Nimpige nani, keki?"

"Nataka kusikia jibu."

"Hakuna bastola," alisema Hakimu.

Saa 10:00 alasiri. Sebule ya marehemu ilinukia nta ya sakafu. Brashi zake zilikuwa bado ndani ya gudulia juu ya kabati, na kwenye mkono wa kiti kimoja palikuwa na doa la bluu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisugua. Mtunza nyumba, mpwa wa marehemu, mwanamke wa miaka sabini mwenye funguo kiunoni, aliwaketisha wageni mmoja mmoja. Sahani za ngazi tatu zilipangwa mezani: sandwichi zilizokatwa kingo, keki ndogo za kumezwa kwa mara moja. Vikombe vilikuwa vyembamba kiasi kwamba chai ilionekana kwa nje.

"Usiipulize," Hakimu alinong'ona.

"Ni ya moto."

"Subiri ipoe. Watu wa hapa wana muda."

Dada alikuja na birika. Hakumwangalia Fundi usoni. "Sukari, baba?"

"Viwili, binti." Birika lilitikisika kidogo. Fundi aliona kwamba dada amebana mdomo asicheke. Hilo alikuja kulikumbuka baadaye.

Saa 10:21. Wageni walitoka kwenda bustanini. Hakimu alitoka nao, mikono nyuma. Fundi alishika tumbo, akaingia ushorobani. Toroli lilikuwepo. Dada alisimama mlango wa jikoni, mgongo kwake.

Aliinua picha ya asili kutoka kwenye msumari, macho yakiwa mlangoni. Sekunde nne. Aliilaza rafu ya chini, akafunika. Akatundika nakala. Sekunde tisa.

Nakala ilikaa upande. Kona ya kushoto ilishuka kwa upana wa kidole. Fundi alikuwa ametundika picha za watu kwa miaka ishirini na mbili. Hajawahi kuiacha hata moja ikiwa upande. Mkono ulitangulia akili. Alisogeza waya nyuma ya fremu, akarudi hatua moja, akafumba jicho moja, akasogeza tena. Sasa ilikuwa imenyooka. Alikohoa. Dada alilisukuma toroli jikoni.

Saa 10:31. Kutoka dirishani Fundi aliliona gari la Breki likitoka getini, taratibu, kama gari la mtu asiye na haraka.

Saa 10:34. Wageni walirudi. Mtunza nyumba aliwasimamisha ushorobani kwa hadithi ya mwisho.

"Hii shangazi aliitundika siku ile ile aliyovunjika bega," alisema. "Mkono mmoja. Ikakaa upande, akatukataza kuigusa. Miaka arobaini naipangusa kwa manyoya, sijaisogeza hata..." Aliikaribia. Kisha akaenda kwenye mlango mkubwa, akaufunga, akaweka ufunguo kiunoni, akawaketisha wote tena sebuleni.

Dada hakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Saa za hadithi alikuwa anaosha vikombe. Na picha aliyowaletea kwenye simu, ili mchoro unakiliwe, aliipiga kwa kuilaza simu kufuata fremu, ikaonekana imenyooka.

"Nani ameigusa?" aliuliza mtunza nyumba. "Naita polisi. Hakuna anayetoka."

Watu walitazamana. Hakimu alikohoa.

"Mama, sipendi kumsema mtoto wa watu," alisema kwa upole. "Lakini nilipokuwa natoka, nilimwona yule binti wa chai pale ushorobani. Na toroli lake."

Dada alikuwa na sahani mikononi. Aliiweka chini polepole. Alimtazama kaka yake mara moja, kisha akatazama sakafu.

Fundi alisimama. "Ni mimi," alisema. "Nilifunika kitu, nikamwambia alisukume toroli jikoni. Hakujua ni nini. Simjui, hanijui." Alinyoosha mkono wa kulia. "Aliyenileta ni huyu mwenye suti ya kijivu."

"Kaa chini, mpumbavu," alisema Hakimu.

"Nimekaa vya kutosha."

Bastola ilitoka ndani ya koti. Ilikuwa ndogo. Hakimu aliielekeza kwa mtunza nyumba. "Ufunguo."

Fundi aliurukia mtutu kwa mkono ule ule ulionyooshwa. Risasi ilipita katikati ya kiganja, ikatoboa sahani ya juu ya keki. Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai na wake zao walimwangukia Hakimu kwa nyuma. Bastola iliteleza hadi chini ya kiti chenye doa la bluu.

Saa 10:58. Polisi waliingia kwa mlango mkubwa, mtunza nyumba alipoufungua. Hakimu alifungwa pingu kifudifudi. Fundi alikaa ukutani, mkono umezungushiwa kitambaa cha meza kilichokwisha kuwa chekundu.

"Huyu anadai binti hahusiki," mtunza nyumba alimwambia sajenti. "Anasema hawajuani."

Sajenti alifungua daftari. Alimgeukia dada. "Unamjua?"

Fundi alimtazama. Alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Dada alikuwa anaangalia kitambaa. Damu ilikuwa imeanza kudondoka sakafuni kutoka kwenye pindo. Alipiga magoti, akavua aproni yake, akaanza kuufunga mkono upya, kwa nguvu.

"Kaka yangu," alisema, "inua juu. Inua juu ya kichwa."

Saa 11:04 jioni, sajenti aliandika jibu lake.