Jilala Ajifunza Kumbeba Nelly

Jilala ni mchimbaji mdogo wa dhahabu huko Kharumwa. Ana mke, Zipora, na binti wa miezi kumi, Nelly. Akirudi kutoka machimboni huoga, hula, kisha humtazama mtoto kwa mbali.

Kumbeba? Hathubutu. Nelly alizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alieleza mengi kuhusu dawa na kliniki, lakini Jilala alisikia neno "tundu" tu.

"Mikono hii imezoea sururu," alimwambia Zipora. "Nikimshika vibaya, moyo utapasuka."

Basi Zipora alimbeba peke yake, mchana kutwa. Alichoka, na chakula chake kilipoa kila siku kabla hajakila. Naye Nelly alimwogopa baba yake kama mgeni.

Siku moja Mama Vumilia, mhudumu wa afya wa kijiji, aliwatembelea.

"Shikamoo, mama," Jilala alisalimu.

"Marahaba. Mbona mtoto anakukimbia?"

Jilala akaeleza hofu yake. Mama Vumilia hakumcheka.

"Baba Nelly, moyo haupasuki kwa kubebwa. Kaa hapa. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Mtazame usoni, ongea naye."

"Niongee nini? Hajui kitu huyu."

"Anajua sauti. Akilia, mwitikie. Akicheka, cheka naye. Mtoto huyu atakwenda hospitali mara nyingi. Lazima ajue kwamba watu wake wapo."

"Na kutambaa je?" Zipora aliuliza. "Mimi humzuia."

"Daktari amekataza?"

"Hapana."

"Basi mwache acheze. Akichoka atapumzika. Ila akihema kwa shida, akitokwa jasho jingi anaponyonya, au midomo ikiwa ya bluu, msingoje. Mpelekeni hospitali."

Jilala akampokea Nelly. Mtoto akalia. Jilala alitaka kumrudisha, kisha akalia kama ng'ombe: "Muuu!"

Nelly akanyamaza. Akamtazama. Akamshika pua, akacheka.

"Ng'wanone!" Jilala alisema kwa Kisukuma. Mwanangu! Zipora alicheka hadi machozi yakamtoka.

Tangu hapo, kila jioni Jilala alicheza na binti yake.

Miezi miwili baadaye walikwenda kliniki Geita. Kipimo cha moyo kilipogusa kifua chake, Nelly alilia. Akanyoosha mikono. Zipora akainuka, lakini mikono ile ilimpita, ikaenda kwa baba.

"Nipo, mama. Nipo hapa," Jilala alimwambia binti yake, akimshika vidole. Nelly akatulia mpaka kipimo kikaisha.

"Uzito umeongezeka," daktari alisema. "Endeleeni na dawa."

Nje, Nelly alilala begani kwa baba yake. Zipora akakaa kwenye benchi, akanunua sambusa, akaila yote ikiwa bado ya moto.