Kona ya Bluu

Lynnet alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya saruji, nje ya ulingo. Macho yalikuwa wazi na alikuwa akipumua, lakini vidole vya miguu havikusogea hata alipofinywa.

Inspekta Mellen Onsongo alipofika saa nne asubuhi, gari la wagonjwa lilikuwa limeshamchukua. Ghala lile kuukuu, nje kidogo ya mji wa Migori, bado lilinuka tumbaku. Katikati palikuwa na ulingo: nguzo nne za mkaratusi, magodoro yaliyofunikwa turubai, na kamba za nailoni za mashua zilizoletwa kutoka Kisegi, ufukweni mwa ziwa. Kamba zilivishwa kitambaa zisichubue ngozi, chekundu kona hii, cha bluu kona ile.

Kamba ya juu ya kona ya bluu ilikuwa imekatika.

Inspekta aliinama. Kamba ilikuwa na nyuzi tatu nene. Mbili zilikatwa laini kwa kisu. Ya tatu ilifumuka kwa uzito wa mtu aliyeiegemea.

"Hii si ajali," alimwambia Koplo Obare.

Kisha akatazama kitambaa. Vingine vyote vilishonwa kwa cherehani. Hiki kilifumuliwa shubiri moja, kikashonwa tena kwa mkono, mishono midogo iliyolala upande mmoja kama punje za wimbi. Fundo la uzi lilifichwa ndani.

"Weka kwenye mfuko wa vielelezo. Mtu amekata kamba, halafu akaketi akashona vizuri."

Mwenye kampuni aliitwa Benta, mwanamke wa mabega mapana aliyeacha kuuza omena, dagaa wa ziwani, ili afundishe wasichana mieleka.

"Kampuni ina muda gani?"

"Miezi mitano, madam. Wasichana sita. Jumamosi ijayo ni onyesho letu kubwa la kwanza, Homa Bay."

"Lynnet ana adui?"

Benta alitazama viatu vyake. "Kila mtu anajua. Beverly."

Kweli kila mtu alijua. Muuza chapati mlangoni alijua. Mwendesha boda alijua. "Alisema kwa redio atamvunja huyo dada mgongo," alisema. "Sasa si amemvunja?"

Beverly alihojiwa kituoni. Alikuwa msichana mrefu, kaptula yake imepasuka na kufungwa kwa pini tatu.

"Unamchukia Lynnet?"

"Sana. Andika."

"Ulikata kamba?"

"Sikukata."

"Kwa nini macho yako ni mekundu?"

"Vumbi."

"Na viatu hivyo ulivyokumbatia ni vya nani?"

Beverly alivikumbatia zaidi. Vilikuwa vidogo, haviwezi kumwingia. Inspekta aliamuru awekwe seli, lakini zile pini tatu hazikumtoka kichwani. Mtu asiyeshona kaptula yake mwenyewe atashonaje namna ile?

Alasiri alikwenda hospitalini. Daktari alisema uti wa mgongo umevimba. Kama atatembea tena bado haijulikani. Kando ya kitanda aliketi mama yake Lynnet, Milka, mkulima wa Lambwe, na chupa ya uji mapajani.

"Mmemshika?" aliuliza Milka.

"Nani, Mama?"

"Yule Beverly! Nilikwenda Rongo mwezi jana kumwona mtoto wangu akicheza. Anakanyagwa shingoni, analia, na watu wanapiga makofi! Makofi, afande!"

Inspekta alikuwa akitazama mfuko wa kitambaa uliovishwa chupa ili uji usipoe. Mishono midogo, imelala upande mmoja. Fundo halikuonekana.

"Mfuko mzuri. Umeshona mwenyewe?"

"Tangu nikiwa msichana nashona kwa mkono."

Inspekta alirudi ghalani mbio.

"Benta, sasa niambie ukweli. Msichana atalala seli bure. Kona ya bluu ni ya nani?"

Benta alikaa juu ya godoro kwa kishindo. "Ya Beverly. Leo niliwabadilisha kwa sababu ya picha za bango. Jua linaingia kwa mabati, kona nyekundu uso wa Lynnet hauonekani."

"Na ule uadui?"

"Tumeupanga, madam. Nani aanguke, nani ashinde, yote tunapanga. Wale wawili wanapendana kama mapacha. Lakini niliwaapisha. Usimwambie mume, usimwambie mchungaji, hata mama mzazi. Watu wakijua, nani atakuja Homa Bay?"

"Jana nani aliingia hapa?"

"Hakuna mgeni. Ni mama Lynnet tu. Kila Ijumaa hutuletea uji. Alisema tuende tukaoge, yeye atafagia."

Inspekta alimtoa Beverly seli, akaenda naye hospitalini. Milka alipomwona msichana mlangoni alisimama, chupa ikiwa mkononi kama rungu.

"Keti, Mama. Kona ya bluu ni ya nani?"

"Ya huyo!"

"Na jana ulifagia ghala."

Milka aliketi polepole.

"Nilikata mbili," alisema. "Kwa kisu cha mboga. Moja nikaacha. Nilitaka aanguke, avunjike mguu, amwache nyathina, mwanangu. Wewe huna mtoto? Mtoto wako akanyagwe shingo, ukae tu?"

"Na kwa nini ulishona tena?"

"Ningeachaje nguo ya watu imepasuka?"

Inspekta alimweleza yote, taratibu. Milka alisikiliza akitikisa kichwa.

"Uongo. Nilimwona amemkanyaga."

"Mguu ulikuwa kwa turubai, Mama," alisema Beverly. "Kando ya shingo. Yeye ndiye hupiga mayowe."

Kitandani Lynnet aligeuza macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mama, kumbe uliamini?"

Kwa nukta moja uso wake uling'aa, kama msanii aliyesifiwa. Kisha akaelewa, na uso ukakunjamana. Milka alijifunika kanga kichwani, akalia bila sauti.

Baadaye alinyoosha mikono mwenyewe. Inspekta alimfunga pingu, akazifunika kwa ile kanga. Mlangoni Milka alisimama bila kugeuka nyuma.

"Uji uko kwa chupa," alisema. "Hanywi na sukari."

"Najua, Mama," Beverly alijibu, akimvua Lynnet soksi ili amkande miguu. "Tunaishi chumba kimoja."